Muulize Bi Mwalimu: Shule yetu yasemwa ni ya mwisho, nimhamishe mwanangu?

*Shikamoo Bi Mwalimu. Naishi Mishomoroni, nina mabinti wawili. Mkubwa yuko Gredi ya 5 katika shule ya umma iliyo hapa nyuma ya nyumba, dakika saba kwa miguu. Mimi nauza viazi karai na bhajia jioni, babake ana tuktuk ya mkataba. Muhula uliopita ripoti yake ilikuja na "kukaribia matarajio" kwenye Hisabati, masomo mengine "kufikia matarajio". Jirani amemhamishia wake akademia iliyo barabarani. Wameweka bango kubwa, picha za watoto 14 wa Gredi ya 6, karibu wote wamezidi matarajio kwenye KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6. Shule yetu ilitahini watoto 118 na mtaa mzima wasema ndiyo ya mwisho mwisho Kisauni. Karo ya akademia ni shilingi 14,500 kwa muhula, basi na chakula mbali. Mume wangu asema tuuze friji ninayouzia maji na juisi. Nimhamishe?*
*Mama Wawili, Mishomoroni*

Marahaba mwanangu. Friji usiiuze. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu najua vitu vya biashara vikishatoka mlangoni havirudi, na hizo 14,500 mara tatu kwa mwaka ni 43,500. Ukianza nazo Gredi ya 6 ukafika ya 9 utakuwa umetoa 174,000, na bado hujanunua sare wala hujalipa basi. Pesa hizo zinafaa kutolewa kwa sababu unayoijua. Bango bado halijakupa sababu.

Nilianza kushika chaki mwaka 1985, mwaka ule ule KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilipoanza, nikastaafu 2019. Miaka 34, yote shule za umma za hapa petu Mombasa: kisiwani, Likoni, na mwisho huko kwenu Kisauni. Nimeyaona matokeo mengi yakibandikwa ukutani. Kwa hivyo nakuomba tulitazame bango hilo pamoja.

Watoto 14. Swali la kwanza la kumuuliza mwenye akademia: hawa 14 walipokuwa Gredi ya 4 walikuwa wangapi, na waliotoka walikwenda wapi? Swali la pili: mtoto akija hapa kutafuta nafasi, mnamfanyia mtihani kwanza? Wakikwambia naam, wanaoshindwa hatuwapokei, basi umeshajibiwa. Shule inayochagua watoto wanaojua itatoa watoto wanaojua, hata mwalimu awe wa kawaida kabisa. Shule iliyo nyuma ya nyumba yako haichagui. Inampokea mtoto wa daktari na mtoto aliyekuja juzi kutoka Tana River na hajawahi kushika kalamu. Ukiwachanganya hao 118 ukatoa hesabu moja, hesabu hiyo haiwezi kukwambia kitu kuhusu binti yako.

Tena hiyo "ya mwisho mwisho" nani kaipanga? Serikali iliacha kuorodhesha shule kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa mwaka 2014, Profesa Jacob Kaimenyi akiwa waziri wa elimu. Orodha mnayoizungumza hapo mtaani ni ya mdomo. Matokeo ya KPSEA huja kwa kila mtoto, kwa viwango: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini ya matarajio. Nenda kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, siku ambayo hakuna mkutano, umuulize: katika hao 118, wangapi walizidi matarajio kwenye Hisabati? Ikiwa ni 20, basi shule yako ina watoto wengi waliozidi matarajio kuliko watoto wote wa lile bango, ila hakuna aliyewapiga picha.

Jambo jingine, na hili naona wazazi wengi wa rika lako hamjaelezwa vizuri. Nyinyi mlifanya KCPE, alama 500, siku tatu, na siku hizo tatu ndizo zilizoamua utakwenda shule gani au utabaki nyumbani. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. KPSEA ya Gredi ya 6 haimfungii mtoto mlango. Wote huingia Gredi ya 7, na wengi huingia hapo hapo shuleni kwao, kwa sababu sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa kwenye shule za msingi. Mwisho wa Gredi ya 9, wanapopangiwa sekondari ya juu, KPSEA huhesabiwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Kundi la kwanza la KJSEA lilifanya mwaka 2025. Binti yako ana miaka minne mbele yake kabla hayo hayajajumlishwa. Huna haja ya kukimbia usiku huu.

Sasa tuje kwenye Hisabati, maana hapo ndipo penye kazi yako halisi, na kazi hiyo utaifanyia kwenye karai.

Jioni ukikaanga, mwite. Mwambie: viazi 48, wateja sita, kila mmoja apate sawa, ni vingapi kila mmoja? Kisha: kiazi kimoja shilingi 10, mtu kachukua saba na katoa noti ya mia mbili, mrudishie ngapi? Usimsaidie. Akijibu upesi na sawasawa, basi Hisabati anayo. Kisha kesho yake mpe maswali hayo hayo yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza kwenye karatasi, kama yanavyokuja shuleni. Mwombe dada mkubwa wa jirani akuandikie. Kama hapo atakwama, umeshajua ugonjwa uko wapi. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yote isipokuwa Kiswahili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kugawa 48 kwa 6 huku amelala, lakini akikutana na sentensi tatu za Kiingereza zinazozungumza juu ya mkulima na machungwa yake, hajui kama aambiwa agawe au azidishe. Kwenye ripoti itaandikwa "kukaribia matarajio, Hisabati". Mzazi ataona mtoto hajui hesabu na atatafuta mwalimu wa tuisheni wa hesabu. Miaka mingi nimeona pesa zikipotea hivyo. Dawa ya huyo ni kusoma Kiingereza kwa sauti, ukurasa mmoja kila siku, hata kama wewe mwenyewe hukielewi vizuri. Utasikia tu anapojikwaa.

Na kama hata kwa viazi amekwama, basi ni hesabu yenyewe. Fungua daftari lake. Tazama tarehe. Je, zipo kila siku ya shule, au kuna wiki mbili tupu? Kalamu nyekundu ya mwalimu imepita, au makosa yamelala pale tangu mwezi wa pili? Uliza wamebadilishiwa mwalimu wa Hisabati mara ngapi mwaka huu, na kama aliyepo ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, au na bodi ya shule. Sisemi wa bodi ni mbaya. Wengine ni hodari sana. Lakini anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa huondoka katikati ya muhula akipata kazi kwingine, na darasa hubaki wiki tatu bila mtu.

Hayo ndiyo yangenifanya mimi nimwondoe mtoto: daftari tupu, mwalimu asiyeingia darasani, au mtoto anayeamka na tumbo la kuuma kwa sababu shuleni anapigwa, jambo ambalo sheria imelikataza. Ukiyakuta hayo, mhamishe, hata kwa shule nyingine ya umma. Usipoyakuta, mwache na dakika zake saba za kutembea. Mtoto anayerudi nyumbani saa tisa na nusu ana nguvu za kukusomea ukurasa. Anayeshushwa na basi magharibi hana.

*Bi Mwalimu, mjukuu wangu yuko Gredi ya 6. Sisi ni watu wa Mji wa Kale, Kiswahili ndicho tulichonyonya. Ripoti yasema amekaribia matarajio kwenye Kiswahili. Mwalimu wake ametoka bara. Nani ampime nani?*
*Babu, Mji wa Kale*

Shikamoo mzee wangu. Uchungu wako naujua, maana mimi mzaliwa wa Bondeni, na kwa miaka mingi nimetia alama ya kosa kwenye "ndaa" (njaa), "ndia" (njia), "mato" (macho) na "mtele" (mchele) nilipoyakuta kwenye insha za watoto wa kwetu. Mkono ukitia wekundu, moyo unasoma sauti ya mamangu.

Mwalimu wa bara hana lawama hapo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na uamuzi huo ulifikiwa kwenye mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928. Kimvita chetu, lahaja ya Mombasa, ambacho Muyaka bin Haji alikitungia mashairi zaidi ya miaka 180 iliyopita, kiliachwa nje ya mlango wa mtihani. Kwa hivyo mjukuu wako akiandika "nna ndaa" hajakosea lugha. Ameandika lugha ambayo mtihani hauipimi. Asiyejua hilo huona mtoto ni mzito, na mtoto mwenyewe huanza kuamini.

Mfundishe kwamba anazo mbili. Chukua shairi moja la Muyaka, mkae barazani baada ya alasiri, yeye aligeuze kwa kalamu liwe sanifu, mstari kwa mstari. Kila neno aliloligeuza aliandike pembeni: hili la nyumbani, hili la karatasi. Wiki sita za hivyo na "ndaa" itajua pahali pake. Halafu mkague ngeli na alama za uakifishaji, kwa sababu huko ndiko watoto wetu wa mji hupoteza alama nyingi kuliko mahali pengine. Wanazungumza vizuri mno, hata hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba koma ina kazi.

*Bi Mwalimu, hujambo. Nafundisha Gredi ya 6 shule ya umma Likoni, nimeajiriwa na bodi, huu mwaka wangu wa pili. Nina watoto 71. Wanne hawasomi kabisa, hata sentensi. Mkuu wangu ameniambia niwaite wazazi wao niwashauri wawahamishe kabla ya usajili wa KPSEA, ili "wasituvute chini". Mkataba wangu unaisha Disemba. Nifanye nini?*
*Mwalimu Kijana, Likoni*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nne. Nitakujibu kwa jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali.

Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, walioandikishwa nchi nzima walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo ilipokea watoto foleni hadi nje ya lango. Wengine walikuwa wakubwa. Uliwapanga kwa kimo, si kwa walichokijua. Mmoja wao tulimtia darasa la tano. Alikuwa akiuza maji ya barafu kwenye foleni ya feri, vifuko vya plastiki ndani ya ndoo. Hesabu za chenji alikuwa radi. Kusoma, hata jina lake alilichora, hakuliandika.

Mwaka 2006 walifika darasa la nane. Walikuwa 96, na tisa miongoni mwao tulijua watapata alama za chini sana. Enzi hizo shule zilikuwa zikiorodheshwa na magazeti yakichapisha. Tukakaa walimu, mimi nikiwemo, tukakubaliana hao tisa wasajiliwe kituo kingine cha mtihani, ng'ambo ya Likoni. Wazazi tuliwaambia ni kwa faida ya watoto, huko hakuna msongamano. Mimi ndiye niliyezungumza na mama wa yule wa maji. Alinishukuru.

Siku ya kwanza ya mtihani, saa moja na robo asubuhi, mtoto yule alikuja langoni kwetu. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili, rula, kila kitu ndani ya mfuko unaoonyesha. Alikuwa ameelezwa kuhusu kituo kingine, lakini nadhani hakuamini. Hapa ndipo alipokuwa amesoma. Mlinzi alitazama orodha, jina halimo. Nikampa shilingi hamsini nikamwambia akimbie feri. Karatasi ya kwanza ilikuwa Hisabati, saa mbili u nusu, somo pekee ambalo angeweza kupata kitu. Alifika imeshaanza.

Matokeo yalipotoka, wastani wetu ulikuwa 250. Tukapongezwa, ikapikwa biriani. Baadaye nilizitafuta alama za wale tisa, nikazijumlisha: 1,080. Chukua karatasi ufanye hesabu hii mwenyewe. Watoto 87 mara 250 ni 21,750. Ongeza 1,080 upate 22,830. Gawa kwa 96. Inakuja karibu 238. Alama 12 zile tulizopongezewa hakuna mtoto hata mmoja aliyezisoma. Hakuna mwalimu aliyezifundisha. Zilikuwa ni watoto tisa waliovushwa bahari.

Mwaka 2022 nilikuwa ndani ya feri, mtu mzima akanipisha kiti akaniita Mwalimu. Alikuwa yeye. Sasa anatengeneza mashine za boti, Mtongwe. Tulizungumza habari za watoto wake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani siku ile mlijua nitaanguka?" Nikamwambia ndiyo, tulijua, na ndiyo sababu. Hakusema neno tena mpaka feri ilipogusa ng'ambo.

Kwa hivyo wazazi hao wanne usiwaite kwa jambo hilo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtoto kufukuzwa wala kurudishwa darasa kwa sababu hajui, na kumshawishi mzazi aondoke "mwenyewe" ni kufukuza kwa mlango wa nyuma. Mkuu wako nadhani si mtu mbaya. Naye anaulizwa na maofisa walio juu yake, na wazazi wanaolitazama bango la jirani. Nenda kwake na kitu mkononi. Mwambie: nipe dakika 25 kabla ya gwaride la asubuhi, siku nne kwa wiki, na chumba chochote, hata stoo. Mwambie utaandika kila Ijumaa wamefika wapi. Mwenye cheo husikiliza vizuri zaidi akiletewa kazi kuliko akiletewa kifungu cha sheria. Kifungu kiweke akiba.

Siku ya kwanza wapime kama walivyofanya wale watu wa kujitolea wa shirika la Uwezo, ambao kuanzia 2009 walikuwa wakipita majumbani wakiwapa watoto wasome: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Anayekwama kwenye silabi, anzia silabi. Usione haya kwamba yuko Gredi ya 6. Anza kwa Kiswahili, maana lugha ya masikio yake inamfungulia haraka: ma, me, mi, mo, mu, kisha "mama", kisha "mama ana embe". Akishajua kwamba herufi zinatoa sauti ileile kila siku, Kiingereza kitakuja nyuma yake, polepole. Nimeona mtoto wa miaka 13 akitoka silabi hadi aya kwa miezi minne. Pia nimeona aliyehitaji miwani tu. Wapeleke wote wanne zahanati wakapimwe macho kabla hujaanza, na masikio pia.

Rejista yako itazame. Katika wanne hao, nina hakika mmoja au wawili hawaji Jumatatu na Ijumaa. Tafuta kwa nini. Likoni mara nyingi jibu liko sokoni, au kwa mdogo mgonjwa nyumbani.

Kuhusu mkataba wako, siwezi kukuahidi kwamba hutaumia. Mimi nilikuwa na TSC nyuma yangu mwaka 2006 na bado niliogopa. Wewe huna. Ila majina manne hayo yaandike kwenye usajili kwa mkono wako mwenyewe, na nakala ubaki nayo.

Nina sanduku la vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili chini ya kitanda, kama arubaini hivi, nimekuwa nikiviweka bila kujua namwekea nani. Mhariri ana nambari yangu. Jumamosi asubuhi huwa nipo nyumbani hadi adhuhuri. Njoo na mkoba mkubwa.